Switipi fupi za kwenye ndoo: mwongozo kamili wa kuziotesha kwa mbegu hapa Tabora

Mtu aliyekulia Tabora anajua kwamba mvua za kwanza zikishuka mwezi wa kumi na moja, mbegu inaingia ardhini. Mahindi, karanga, mtama, vyote vinafuata kalenda hiyo. Nami nilipopata pakiti yangu ya kwanza ya mbegu za switipi, lile ua la harufu nzuri ambalo Waingereza huliita sweet pea, nilifanya vivyo hivyo. Mvua mbili zilikuwa zimenyesha, nikafukia mbegu ishirini mbele ya nyumba. Zikachomoza tisa. Kufikia Januari hapakuwa na hata mmea mmoja: shina lilikuwa linalainika pale linapogusana na udongo, kisha mche unalala. Mwaka uliofuata nikasia Juni. Miche ikastawi, ikajaa vitumba, halafu Septemba ikaingia na joto lake na vitumba vikadondoka kimoja kimoja kabla ya kufunguka. Mwaka wa tatu nilikaa na kalenda nikahesabu kwa kurudi nyuma, kuanzia baridi yetu ya Juni na Julai, nikaona mbegu ilitakiwa kuwa udongoni katikati ya Aprili. Tangu mwaka huo sijakosa maua.

Kwa hiyo hata ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, shika tarehe: sia kati ya tarehe 10 na 25 Aprili. Ukitaka awamu ya pili, sia tena mwanzoni mwa Mei. Baada ya tarehe 20 Mei, iache mbegu kwenye bahasha mpaka mwaka ujao.

Sababu ya tarehe hizo iko kwenye asili ya ua lenyewe. Switipi, kwa jina la kitaalamu Lathyrus odoratus, ni jamii ya mikunde, ndugu wa karibu wa njegere. Porini inaota kusini mwa Italia na kisiwani Sicily. Mwaka 1699 mtawa mmoja wa Sicily, Francesco Cupani, alituma mbegu zake Uingereza kwa mwalimu aliyeitwa Robert Uvedale, na safari ya ua hili kwenye bustani za Ulaya ikaanza hapo. Kule Sicily mbegu huota mvua za vuli zinapoanza, mmea hukua miezi ya baridi, huchanua majira ya kuchipua, kisha ukame na joto la kiangazi huumaliza. Maisha yake yote ni kukimbizana na joto. Hapa kwetu tunalo dirisha moja tu linalofanana na hilo: tangu mvua zinapokatika hadi upepo wa Agosti unapoanza kukausha kila kitu. Usiku wa Juni na Julai Tabora hushuka hadi nyuzi 15 hivi, mchana ni kama 28. Septemba na Oktoba mchana unafika 32, na hapo switipi haina la kufanya.

Ndugu zangu wa Kigoma mjini na Ujiji niwaambie ukweli: kando ya ziwa, kwenye mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, usiku haupoi vya kutosha na kazi itakuwa ngumu. Tabora tuko mita 1,200. Walioko Kasulu na Buhigwe, huko juu, wana hali nzuri kama yetu au kutuzidi, na tarehe hizi zinawafaa.

Kwa nini zile fupi

Switipi ya kawaida hutambaa hadi mita mbili na inadai uzio, kamba na mtu wa kuifunga kila siku mbili. Miaka ya 1890 huko California ulipatikana mmea mmoja mfupi katikati ya mistari ya mirefu, nao ukauzwa kwa jina la Cupid. Mpaka leo aina ya Cupid haizidi sentimita 20 kwenda juu, ila hutanda pembeni hadi sentimita 45 na kumwagika ukingoni mwa chombo. Aina nyingine fupi, Bijou, inafika sentimita 30 hadi 45. Knee-Hi inafika 60 hadi 75. Iko pia Snoopea, ambayo haina zile nyuzi za kujishikia, inasimama kama kichaka.

Mimi napenda Cupid na Bijou kwa sababu moja inayozidi zote: zinakaa kwenye ndoo, na ndoo inahama. Asubuhi unaiweka penye jua, wiki ya joto kali unaisogeza barazani, mvua ya mwisho ya Aprili ikija unaingiza ndani. Mmea uliozaliwa kukimbia joto, mpe mtu wa kuubeba.

Unaponunua, soma pakiti kwa makini kuhusu urefu wa siku. Kuna switipi zinazosubiri siku ndefu za kiangazi cha Ulaya ndipo zitoe maua, na kuna zinazotoa maua hata siku zikiwa fupi. Hizi huandikwa kuwa ni za majira ya baridi, za majira ya kuchipua, au za kuchanua mapema. Sisi tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Siku yetu fupi kabisa, ya Juni, ina saa 11 na dakika 50 hivi, na ndefu kabisa ya Desemba ina saa 12 na dakika 25. Hatuna siku ndefu ya kuzingojea. Chukua zinazochanua mapema. Niliwahi kupanda aina ya kiangazi iliyorefuka majani mwezi baada ya mwezi, ikatoa maua manne, basi.

Mbegu utazipata kwenye maduka makubwa ya pembejeo Arusha au Dar es Salaam, mara nyingi zikiwa za kuagiza. Ukitaka kuletewa moja kwa moja kutoka nje ya nchi, lazima upate kwanza kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na mbegu ije na cheti cha afya ya mimea. Usimwambie mtoto wako wa Ulaya akufichie bahasha kwenye sanduku. Virusi na wadudu wa mikunde husafiri hivyo hivyo, na majirani zako wanaishi kwa karanga na maharage.

Sasa jambo ambalo siwezi kulichelewesha. Mjukuu wangu aliniuliza siku moja, "Bibi, mbona njegere hizi huzipiki?" Swali zuri, maana maganda yake yanafanana kabisa na ya njegere. Jibu ni hapana, kamwe. Mbegu za switipi zina sumu ambayo, zikiliwa kwa wingi, hudhoofisha mifupa na nyama zinazoshikilia viungo vya mwili. Mbuzi na kuku nao wasipewe mabaki. Nyumba yenye watoto wadogo, weka ndoo juu, chuma kila ganda linapojitokeza, na waambie watoto wazi kwamba hili ni ua la kunusa na kutazama tu.

Udongo, unaoanza kuandaliwa Oktoba

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo watu wanapofanya haraka.

Udongo wetu wa kawaida wa Tabora ni kichanga chepesi, tena wenye uchachu. Maji yanapita kama kwenye chujio. Switipi inataka udongo unaoshika unyevu bila kutuama, usio na uchachu. Kitu cha kwanza cha kuchanganya kiko porini bure: udongo wa kichuguu. Mchwa hupandisha mfinyanzi kutoka chini, na udongo wa vichuguu vya miombo una chokaa kuliko ardhi inayouzunguka. Uponde, uchekeche. Mimi hutumia ndoo mbili za udongo mweusi wa juu, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka imekuwa kama udongo na haina harufu, nusu ndoo ya udongo wa kichuguu, na konzi mbili za majivu ya kuni. Majivu yanapunguza uchachu na yana potasiamu. Usizidishe, yakizidi yanaunguza mizizi.

Udongo wa juu uutoe wapi? Usiutoe shamba la tumbaku, wala la nyanya. Nasisitiza kwa sababu mkoa huu una mashamba mengi ya tumbaku, na minyoo fundo, ile inayofanya mizizi ivimbe mafundo mafundo, inaishi humo na haibagui: switipi nayo inaishambulia. Toa chini ya miti ya porini.

Kisha usafishe kwa jua. Oktoba, kabla ya mvua, tandaza mchanganyiko wako juu ya sakafu au turubai kwa unene wa kiganja, ulowanishe, ufunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, bana kingo zote kwa mawe, uache wiki nne hadi sita. Joto linalojikusanya chini ya nailoni linaua minyoo, magonjwa ya kuozesha miche na mbegu za magugu. Joto lile lile la Oktoba linaloua switipi, kwenye udongo linatufanyia kazi. Baadaye uweke kwenye magunia mahali pakavu hadi Aprili.

Kama umesoma haya Machi na Oktoba imepita, tia udongo kwenye pipa au sufuria kuukuu, nyunyizia maji, funika, pasha juu ya moto wa taratibu mpaka mvuke utoke kote na udongo usishikike kwa mkono, acha hivyo nusu saa. Kidogo kidogo. Inachosha, lakini inafaa.

Jambo moja zaidi kuhusu udongo, nalo wengi hawalijui. Mikunde hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, ila kila kundi la mikunde lina bakteria wake. Wale wa karanga na kunde, tulionao tele, si wa switipi. Switipi inatumia wale wale wa njegere. Ukimjua mtu aliyelima njegere, hata tuta moja, muombe konzi chache za udongo wa pale uchanganye baada ya kusafisha, si kabla. Mimi nililetewa kwenye kopo kutoka Njombe, na mimea ya mwaka ule ilikuwa na kijani kingine kabisa.

Kusia

Switipi inapeleka mzizi mrefu chini kabla haijaonyesha chochote juu, na haipendi mzizi huo kusumbuliwa. Ndiyo maana sisii kwenye tuta wala kwenye sahani ya kitalu. Chukua chupa za maji za lita moja na nusu, kata juu, toboa matundu matano chini kwa msumari wa moto, jaza udongo uliochekechwa. Chupa moja, mbegu mbili.

Jioni ya kuamkia siku ya kusia, loweka mbegu nyeusi kwenye maji ya kawaida. Saa 12 zinatosha. Mbegu iliyokaa majini siku nzima na usiku inakosa hewa na kuoza. Asubuhi utaona nyingine zimevimba mara mbili, hizo sia mara moja. Zilizobaki ndogo na ngumu zina ganda lisilopitisha maji. Shika moja kati ya vidole, tafuta kile kidoa cha kitovu, ugeuze upande wa pili, ukwangue kidogo kwa msasa au mashine ya kukatia kucha mpaka uone weupe mdogo. Usichimbe. Kisha isie bila kuiloweka tena. Mbegu nyeusi ndizo zenye ganda gumu mara nyingi; zile za rangi ya kahawia hafifu au zenye madoa ni laini, na mimi siziloweki kabisa, nazisia kavu kwenye udongo wenye unyevu.

Kina ni sentimita mbili hadi tatu, kama pingili moja ya kidole. Mwagilia mara moja vizuri, halafu usimwagilie tena mpaka uone kijani, labda udongo wa juu ukauke kabisa. Mbegu nyingi za switipi hufa kwa maji, si kwa kiu.

Mbegu hizi huota vizuri kwenye ubaridi, nyuzi 13 hadi 18. Aprili yetu ina joto zaidi ya hapo, kwa hiyo chupa zangu huzipanga sakafuni kwenye chumba cha ndani, kando ya mtungi wa maji, na kuzifunika kwa gunia lililoloweshwa. Mwanga hauhitajiki bado. Juu ya gunia weka kipande cha wavu wa chuma au ungo wenye jiwe, maana panya wanazitafuta mbegu hizi usiku kama wanavyotafuta karanga. Siku ya saba hadi ya kumi na mbili shingo za kwanza zinajitokeza. Hapo hapo, siku ile ile, zitoe nje kwenye mwanga. Mche wa switipi uliokaa gizani siku mbili unarefuka kama uzi na haurudi tena kuwa mnene.

Miche ikiwa na sentimita tano, acha mmoja ulio imara kila chupa, mwingine ukate kwa mkasi usawa wa udongo. Usiung'oe, utavuruga mizizi ya mwenzake.

Bijou na Knee-Hi zikifikisha jozi tatu za majani, kata ncha ya juu kwa kucha. Itakuuma moyo mara ya kwanza. Baada ya wiki moja matawi mawili au matatu yanatokea chini, nayo ndiyo yenye maua. Cupid yenyewe hujigawa matawi bila kukatwa, iache.

Kuhamishia kwenye ndoo

Mwishoni mwa Mei mvua zimekatika na miche ina matawi. Ndoo ya lita 10 iliyopasuka mpini, debe, kopo la rangi la lita nne lililosafishwa sana, vyote vinafaa. Cupid inataka kina cha sentimita 20, Bijou na Knee-Hi sentimita 30. Toboa matundu sita au saba chini, weka kokoto kiasi cha kuziba udongo usitoke. Ndoo ya lita 10 hupokea mimea mitatu ya Bijou au miwili ya Cupid. Kopo la rangi, mmoja. Najua ndoo itaonekana tupu. Baada ya mwezi haitakuwa na nafasi ya kidole.

Mwagilia chupa jioni, asubuhi yake ipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini, toa bonge zima la udongo bila kulivunja, liweke kwenye shimo, shindilia kwa viganja taratibu. Fanya kazi hii jua limepungua.

Kuhusu mbolea, Tabora tuna bahati. Mbolea ya tumbaku, ile NPK 10-18-24, ina naitrojeni kidogo na potasiamu nyingi, jambo ambalo ua hili linataka hasa. Nusu kijiko cha chai kwa ndoo ya lita 10, ifukiwe pembeni mbali na shina wakati wa kuhamishia, na nusu nyingine vitumba vya kwanza vikionekana. Urea iache kabisa. Ukiweka urea utapata kichaka cha majani mazuri yasiyo na kitu.

Mahali pa kuweka ndoo panahitaji kufikiriwa. Mwezi Juni jua letu linapita upande wa kaskazini, hivyo ukuta wa kusini una kivuli karibu siku nzima na ukuta wa kaskazini unapikwa. Bora ni upande wa mashariki wa nyumba: jua kuanzia alfajiri hadi saa sita, kisha kivuli cha paa. Usiweke chini ya mwembe wenye majani mazito. Switipi inataka angalau saa sita za jua, ikikosa inaangusha vitumba. Wala usiegemeze ndoo kwenye bati au ukuta unaorudisha joto. Ndoo nyeusi ipake chokaa nyeupe au izungushie gunia, kwani mizizi ndiyo inayopata joto kwanza.

Mchwa. Vitabu vingi vya bustani vitakuambia ufunike udongo kwa nyasi kavu. Hapa kwetu ukifanya hivyo umewaita mchwa mezani. Funika kwa changarawe safi, na inua kila ndoo juu ya matofali mawili, ukiyazungushia majivu chini. Kagua matofali kila wiki. Ukiona njia ya udongo inapanda, ifute.

Bijou inahitaji vijiti vya kuegemea vya sentimita 30 hivi. Tumia matawi makavu yenye vitagaa. Vijiti vya muhogo vibichi usitumie, vitaota. Cupid haihitaji chochote.

Maji, na yanayokwenda vibaya

Ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kuna ubaridi, subiri. Juni huwa kila siku ya pili, Julai karibu kila siku, Agosti kwenye upepo wakati mwingine asubuhi na jioni. Mwagilia shinani, asubuhi.

Ukungu mweupe kama unga juu ya majani ni ubwiriunga, nao unapenda mchana mkavu na usiku wenye umande, yaani Julai yetu kabisa. Ondoa majani yaliyoathirika, tenganisha ndoo hewa ipite, nyunyizia maziwa yaliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, mara moja kwa wiki asubuhi.

Vidukari hukaa kwenye ncha laini, na madhara yake makubwa ni virusi wanavyobeba. Ukiona majani yenye mabaka ya njano na kukunjamana, ng'oa mmea huo, hakuna dawa. Vidukari wenyewe waponde kwa vidole wakiwa wachache. Wakizidi, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, au majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku na kuchujwa. Nyunyizia jioni. Mkoa huu ni wa asali, nyuki wako kazini mchana kutwa, na dawa ya mchana ni dhuluma kwa jirani mwenye mizinga.

Anayenisumbua zaidi ni utitiri mwekundu. Hauonekani kwa macho mpaka majani yawe na vidoa vidogo vyeupe na utando mwembamba upande wa chini. Unakuja na ukavu. Tangu mwanzo wa Julai mimi hugeuza majani kila Jumamosi na kuyapiga kwa maji ya nguvu kutoka chini. Usikimbilie dawa za wadudu za dukani: nyingi haziuui utitiri, zinaua wadudu wanaoula, na wiki mbili baadaye unakuwa mara kumi.

Na vitumba vinavyodondoka? Vichache vya kwanza hudondoka karibu kila mwaka, usihangaike. Vikiendelea, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: joto, kiu ya ghafla, kivuli. Mara nyingi ukisogeza ndoo mita mbili tatizo linaisha.

Kuchuma

Maua ya kwanza huja mwishoni mwa Juni au wiki ya kwanza ya Julai. Harufu yake ni ya maua ya mchungwa yenye asali ndani, na huzidi asubuhi mapema. Yachume wakati huo, kikonyo kikiwa na ua moja la juu ambalo bado halijafunguka, ukate chini kabisa. Na uchume kila siku ya pili bila huruma. Mmea huu wa mwaka mmoja una kazi moja tu, kuzaa mbegu. Ukiuacha ukaze maganda matano unaona kazi imekwisha na unaacha kuchanua. Ukichuma daima, utapata maua wiki saba au nane. Mimi hujaza glasi tatu kila mara, moja ya mezani kwangu, moja ya jirani anayeuza asali, moja ya zahanati ya mtaani, dirishani pale mama wajawazito wanaposubiri.

Katikati ya Agosti chagua mmea mmoja au miwili yenye afya kuliko yote, uache kuichuma. Switipi hujichavusha yenyewe ndani ya ua kabla halijafunguka, kwa hiyo mbegu yake hufanana na mama hata kama umepanda rangi tano kando kando. Ganda likigeuka kahawia na kutoa sauti ukilitikisa, lichume asubuhi lingali na umande kidogo. Ukingoja mchana linajipasua kwa kujisokota na kurusha mbegu mbali. Tandaza kivulini wiki mbili, pukuchua, tupa zilizotobolewa na fukusi, weka kwenye bahasha ya karatasi yenye aina, rangi na mwaka, andika SUMU kwa herufi kubwa, na bahasha itie kwenye kopo lenye kifuniko na majivu makavu chini. Zinadumu miaka mitatu bila shida.

Mimea iliyobaki ikatwe usawa wa udongo Septemba, mizizi iachwe ndani. Ichunguze michache kwanza: vinundu vidogo vya pinki maana yake bakteria walifanya kazi, na udongo huo uuwekee alama, kopo moja lake litunzwe kando bila kusafishwa kwa jua, la kuchanganya mwakani. Mafundo yaliyovimba ndani ya mzizi wenyewe ni minyoo, na udongo wa ndoo hiyo hauendi popote ila chini ya nailoni, Oktoba.